Faida za kuendesha miradi kwa utaratibu: Mafunzo kutoka Kinondoni na Temeke

MVUA za masika zinapoanza, wakazi wa maeneo ya mabondeni katika Kinondoni na Temeke hupata kuikagua miradi yao bila kusubiri mkaguzi. Mtaro uliojengwa sawasawa hupitisha maji hadi mtoni. Mtaro ulioishia njiani huyamwaga maji hayo hayo katika nyumba ya jirani, na pengine huwa ni afadhali usingejengwa kabisa.

Mara nyingi lawama huelekezwa kwenye uhaba wa fedha. Ni kweli kwamba fedha hazitoshi. Hata hivyo, historia ya miradi ya Jiji la Dar es Salaam katika miaka 30 iliyopita inaonyesha kwamba kinachotenganisha mradi uliodumu na ule uliokwama si ukubwa wa fungu peke yake, bali ni utaratibu uliotumika: nani aliamua nini, kazi ipi ilitangulia ipi, na nani alikabidhiwa kutunza kilichojengwa.

Suala hili si dogo. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa Mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728, na sehemu kubwa yao wanaishi katika makazi yaliyojengwa bila kupimwa. Katika mafuriko ya Desemba 2011 watu wapatao 40 walipoteza maisha, na baadhi ya familia za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande, pembezoni mwa Kinondoni. Katika jiji la namna hii, kosa la mpangilio katika mradi wa mtaro au barabara hulipiwa na mwananchi kwa nyumba yake, na wakati mwingine kwa uhai wake.

Utaratibu wa usimamizi wa miradi ni nini?

Mradi ni kazi yenye mwanzo na mwisho, inayolenga kuleta kitu ambacho hakikuwapo. Kuzoa taka kila Jumamosi si mradi. Hiyo ni huduma ya kila siku. Kujenga kizimba cha taka ni mradi.

Utaratibu wa usimamizi wa miradi ni mkusanyiko wa hatua na nyaraka zinazoulazimisha uongozi wa mradi kujibu maswali saba kabla ya kutumia fedha: Kwa nini tunafanya kazi hii? Tutatoa kitu gani hasa? Nani ana mamlaka ya kuamua? Kila kazi itaanza na kumalizika lini? Itagharimu kiasi gani? Ni jambo gani linaweza kutuharibia? Na baada ya kukamilika, nani atatunza?

Majibu hayo huandikwa, husomwa mbele ya wahusika na kurejewa kila hatua inapokamilika. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Usimamizi wa miradi ni daftari hilo, likiwa na kurasa za fedha pamoja na za muda, wajibu na hatari.

Njia zenyewe zilikuja kwa vipindi. Mwanzoni mwa karne ya 20, mhandisi wa Marekani Henry Gantt alieneza matumizi ya mchoro wa mistari unaoonyesha kila kazi na siku zake, ambao hadi leo huitwa kwa jina lake. Mwishoni mwa miaka ya 1950 kampuni ya kemikali ya DuPont na Jeshi la Majini la Marekani, kila upande kwa njia yake, walibuni namna ya kukokotoa mnyororo wa kazi unaoamua tarehe ya mwisho ya mradi. Mwaka 1969 Shirika la Misaada la Marekani, USAID, lilianza kutumia jedwali linalounganisha shughuli, matokeo, malengo na viashiria, ambalo wafanyakazi wengi wa maendeleo nchini hulifahamu kama bangokitita. Nchini Uingereza, Serikali ilitoa mwaka 1996 utaratibu wa PRINCE2, unaogawa mradi katika awamu na kuitaka bodi yake iidhinishe kila awamu kabla haijaanza.

Kwa upande wa Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 2000 Serikali ilianzisha utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, ambao huwataka wananchi wa kijiji au mtaa kuainisha wenyewe vipaumbele vyao kabla mipango haijapelekwa halmashauri. Mwaka 2013 ulizinduliwa mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, uliotokana na uzoefu wa Malaysia, ambao uliwaweka wataalamu pamoja kuchambua mradi kwa kina na kisha kufuatilia utekelezaji kwa viashiria. Mpango huo haukuendelea kwa jina hilo baada ya uongozi kubadilika, lakini msamiati wake wa viashiria na taarifa za utekelezaji umebaki katika ofisi nyingi za umma.

Funzo la Hanna Nassif

Mfano unaotajwa sana katika fani ya makazi ni Hanna Nassif, eneo lililopo Kinondoni kando ya Bonde la Msimbazi. Katika miaka ya 1990 eneo hilo lilikuwa na kero ya mafuriko ya mara kwa mara, njia zisizopitika na uhaba wa maji safi. Kazi ya kuliboresha ilifanyika chini ya Mradi wa Dar es Salaam Endelevu ulioanza mwaka 1992, kwa msaada wa mashirika ya Umoja wa Mataifa, likiwamo Shirika la Kazi Duniani, pamoja na Mfuko wa Ford wa Marekani. Awamu ya pili ilimalizika mwaka 2000.

Kilichoutofautisha mradi huo si mitaro ya mawe na barabara za changarawe, kwani hivyo hujengwa kwingi. Tofauti ilikuwa katika mpangilio. Wakazi waliunda chama chao cha maendeleo, na chama hicho kikawa upande mmja wa mkataba wa kazi, si mtazamaji. Wataalamu walitoa usanifu na usimamizi wa kiufundi. Wakazi, wanawake kwa wanaume, waliajiriwa kama vibarua katika ujenzi. Hivyo kila upande ulijua wajibu wake, na mkazi alipoona kazi imekwenda kombo alijua mlango wa kubisha.

Aidha, suala la matunzo liliingizwa katika mazungumzo mapema. Mtaro wa wazi katika makazi yenye msongamano hujaa mchanga na taka katika msimu mmoja. Pasipo chama chenye jukumu la kuuzibua, thamani yake hupotea haraka kuliko muda uliotumika kuujenga.

Kutoka mtaa mmoja hadi jiji zima

Uzoefu huo ulichangia fikra zilizofuata. Mwaka 2004 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa kuzisaidia serikali za mitaa Tanzania, na sehemu yake ikawa mpango wa kuboresha miundombinu katika makazi 31 yasiyopangwa ya Dar es Salaam. Miongoni mwa yaliyonufaika ni Manzese, wakati huo ikiwa chini ya Kinondoni na sasa Ubungo. Wakazi walishirikishwa kuchagua kipi kitangulie kati ya barabara, mtaro, taa na maji, nao walitakiwa kuchangia sehemu ya gharama.

Mwaka 2015 ulifuata Mradi wa Uboreshaji wa Jiji la Dar es Salaam, unaojulikana kwa kifupi DMDP, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa Dola za Marekani milioni 300. Mradi huo uligusa Kinondoni, Ilala na Temeke, na kufika katika maeneo kama Tandale, Mwananyamala, Mtoni, Yombo Vituka, Kijichi na Mbagala. Ulijumuisha barabara za lami, mifereji mikubwa ya maji ya mvua na uboreshaji wa makazi.

Kazi za ukubwa huo haziwezi kuendeshwa kwa kumbukumbu ya kichwani. Mfereji mkubwa unapopita katika kata kadhaa, sehemu ya chini inapaswa kukamilika kwanza ili maji ya juu yapate pa kwenda. Nguzo za umeme na mabomba ya maji vinapaswa kuhamishwa kabla ya mkandarasi kufika. Wanaostahili fidia wanapaswa kulipwa kabla ya kubomolewa. Jambo moja likiruka zamu yake, mengine yote husimama huku gharama zikiendelea.

Vilevile, tangu mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi kuchora ramani za kata zinazokumbwa na mafuriko, zikionyesha nyumba, njia na mitaro. Hiyo ni hatua ambayo wengi huiruka: kupima hali ilivyo kabla ya kuamua la kufanya.

Mabasi yaendayo haraka: sura mbili za funzo moja

Mradi wa mabasi yaendayo haraka unaonyesha faida ya utaratibu na pia gharama ya pale unapolegea. Wakala wake, DART, ulianzishwa mwaka 2007. Ujenzi wa awamu ya kwanza, yenye urefu wa kilomita 20.9 kutoka Kimara kwenda Kivukoni pamoja na matawi ya Kariakoo na Morocco, ulianza mwaka 2012 na huduma zikaanza Mei 2016. Kugawa kazi katika awamu kulikuwa uamuzi wa busara, kwa kuwa sehemu moja iliweza kuanza kuhudumia abiria kabla nyingine hazijajengwa.

Hata hivyo, karakana ya mabasi iliwekwa Jangwani, ndani ya Bonde la Msimbazi. Eneo hilo limefurika mara kadhaa, mabasi yakaharibika na huduma zikasimama. Hatari ya mafuriko katika bonde hilo haikuwa siri kwa mkazi yeyote wa Dar es Salaam. Hapa ndipo penye umuhimu wa kuwa na daftari la vihatarishi ambalo kila ingizo lake lina jina la mtu anayewajibika kulitafutia jibu. Hatari inayojulikana na kila mtu lakini isiyo na mwenyewe hubaki palepale.

Awamu ya pili, yenye urefu wa kilomita 20.3 kupitia Barabara ya Kilwa hadi Mbagala, ilileta funzo lingine. Njia na vituo vilitangulia, mabasi yakachelewa. Wakazi wa Mbagala waliona barabara mpya ikikaa bila mabasi yake hadi huduma zilipoanza mwaka 2025. Anayepanga mradi kwa kuangalia zege atasema kazi ilikamilika zege lilipokauka. Anayepanga kwa kuangalia matokeo atasema mradi unakamilika abiria wa Mbagala anapopanda basi, na kwa hiyo ununuzi wa mabasi ungepaswa kuwa katika ratiba moja na ujenzi.

Namna mtaa unavyoweza kutumia utaratibu huu

Wapo wanaodhani mambo haya ni ya wahandisi na mashirika makubwa pekee. Si kweli. Tuchukue mfano wa kubuni wa mtaa unaotaka kujenga mtaro wa maji ya mvua kwa michango ya wananchi na msaada wa halmashauri.

Kazi zake ni hizi: mkutano wa wananchi na uteuzi wa kamati, siku 7, upimaji na michoro, siku 14, kupata ridhaa ya maandishi ya wenye nyumba ambako mtaro utapita, siku 30, kutafuta fundi na vifaa, siku 21, kuchimba, siku 20, kujenga kuta, sakafu na mifuniko, siku 30, kumwagilia saruji, kukagua na kukabidhi, siku 14.

Ukijumlisha zote unapata siku 136. Lakini kutafuta ridhaa na kutafuta vifaa vinaweza kwenda pamoja. Kwa hiyo muda halisi ni siku 115, kwa kufuata mnyororo mrefu zaidi, ambao unapita kwenye ridhaa za wenye nyumba. Vifaa vikichelewa kwa siku 9, mradi hauathiriki. Ridhaa ikichelewa kwa siku moja, mradi mzima unachelewa siku moja.

Hapo kamati inagundua jambo ambalo bila hesabu isingeliona: nguvu ya mwenyekiti na wajumbe inapaswa kwenda kwanza katika kuzungumza na wenye nyumba, wala si katika kufuatilia bei ya mawe na saruji.

Tuendelee. Masika huanza Machi. Ili mtaro uwe tayari ifikapo tarehe 1 Machi, ukihesabu siku 115 kurudi nyuma unafika wiki ya kwanza ya Novemba. Uchimbaji utaanza mwishoni mwa Desemba, vuli ikielekea kumalizika. Mtaa utakaofanya mkutano wake wa kwanza Januari utakuwa na mashimo wazi wakati wa mvua kubwa. Hesabu hiyo inahitaji karatasi moja na kalamu.

Faida zake kwa muhtasari

Kwanza, utaratibu hulinda fedha. Mchanganuo wa gharama unaosomwa hadharani, wenye akiba ya dharura iliyotajwa wazi, hupunguza mwanya wa ubadhirifu na wa michango isiyokwisha. Mwananchi huridhia kuchanga mara moja kwa kiasi kinachojulikana kuliko kuitwa kila mwezi.

Pili, hupunguza migogoro. Ugomvi mwingi wa miradi ya mitaani hautokani na nia mbaya, bali na watu wawili kuamini kwamba kila mmoja ndiye mwenye kauli ya mwisho. Hati inayotaja nani huamua, nani hutekeleza na nani hukagua humaliza ugomvi huo kabla haujaanza.

Tatu, huonyesha tatizo likiwa bado dogo. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kamati inayolinganisha ratiba na hali halisi kila wiki hubaini ucheleweshaji wa siku tatu, ilhali ile inayokutana baada ya miezi mitatu hukuta msimu wa mvua umeshaingia.

Nne, mradi hauvunjiki kiongozi anapoondoka. Wenyeviti wa serikali za mitaa huchaguliwa upya, maofisa watendaji huhamishwa. Nyaraka zikiwapo, anayekuja huendelea alipoishia mwenzake.

Tano, hurahisisha kupata msaada. Halmashauri, mfadhili au benki humsikiliza kwa makini zaidi mwombaji mwenye michoro, makadirio, ratiba na ushahidi wa mchango wake. Tangu mwaka 2023 zabuni za umma nchini zimehamia katika mfumo wa kielektroniki wa NeST, na kikundi au fundi asiye na nyaraka zilizo sawa hupata shida ya kushindana.

Sita, huandaa matunzo. Tangu mwaka 2017 barabara nyingi za mijini zisizo za TANROADS zipo chini ya Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA. Mtaa unaojenga kivuko au mtaro kando ya barabara hizo unapaswa kujua tangu mwanzo, na kwa maandishi, nini kitatunzwa na wakala na nini kitabaki mikononi mwa wakazi.

Mipaka yake

Pamoja na faida hizo, ni vema kusema wazi kwamba utaratibu hauleti fedha wala uaminifu. Kamati isiyo na nia njema inaweza kujaza fomu zote na bado mtaro usijengwe. Vilevile, nyaraka zikizidi mahitaji huwa mzigo. Mradi wa mtaa hauhitaji kitabu cha kurasa 200. Hati ya kurasa mbili, ratiba ya ukurasa mmoja na daftari la mapato na matumizi hutosha.

Aidha, ratiba iliyochapwa vizuri huweza kumdanganya mwenyewe. Viashiria vikihesabu mikutano iliyofanyika badala ya maji yaliyopita, taarifa zitasomeka vizuri huku nyumba zikifurika. Kipimo kinachofaa ni kile ambacho mkazi anaweza kukithibitisha kwa macho yake.

Wananchi nao wana wajibu. Mkutano mkuu wa mtaa ndipo mahali halali pa kuuliza maswali yale saba. Mkazi wa Mbagala, Tandale au Bunju anayeombwa mchango ana haki ya kuonyeshwa mchoro, makadirio, ratiba na jina la atakayewajibika kazi isipokamilika. Akiyapata hayo, achangie kwa moyo. Asipoyapata, aendelee kuuliza kabla fedha haijatoka mfukoni, kwa kuwa baada ya hapo swali lake litakuwa la kuuliza fedha zilikwenda wapi, na hilo hujibiwa kwa shida.

Masika hayasubiri kikao kiahirishwe. Viongozi wa mitaa ya Kinondoni na Temeke wanaotaka mitaro yao iwe tayari kwa mvua zijazo wana kazi ya kuanza nayo ambayo haina gharama: kuchukua kalenda, kuweka alama tarehe 1 Machi, na kuhesabu siku kurudi nyuma.